Stesheni Iliyoachwa na Abiria Ikabaki na Pamba

Anayepita Liverpool Road, Manchester, akiwa na haraka zake anaweza kuipita stesheni hii asiitambue. Mbele yake kuna jengo la ghorofa moja lililopigwa lipu, lenye madirisha marefu, mlango mkubwa wa heshima na mwingine pembeni yake, kama nyumba ya mfanyabiashara wa kale aliyekuwa na pesa lakini hakupenda makuu. Hakuna mnara wa saa. Hakuna paa la vioo. Hata reli hazionekani. Kinachomsimamisha mtu ni saa ya jua iliyowekwa juu ya ule mlango mkubwa, ile ya kusoma muda kwa kivuli, katika mji unaojulikana Uingereza nzima kwa mvua zake.

Stesheni hii ilifunguliwa tarehe 15 Septemba 1830. Abiria walikoma kuitumia tarehe 4 Mei 1844, kabla haijatimiza miaka 14. Jengo lakini lipo mpaka leo, na limeshazidi miaka 190. Maswali ni mawili. Je, ni kweli kwamba hii ndiyo stesheni kongwe kuliko zote duniani, kama inavyosemwa? Na imewezekanaje jengo lililoachwa na abiria mapema hivyo lisivunjwe, ilhali wenzake wa umri ule waliopendwa zaidi walibomolewa?

Tuanze na ukongwe, maana hapo ndipo pana mabishano. Ukienda kaskazini-mashariki mwa Uingereza utaambiwa reli ya Stockton na Darlington ilifunguliwa tarehe 27 Septemba 1825, miaka mitano kabla ya hii, na kwamba pale Heighington kampuni ilijenga nyumba kando ya reli mnamo 1826 na 1827. Ukienda Wales watakutajia Oystermouth, karibu na Swansea, ambako watu walilipa nauli wakavutwa na farasi juu ya reli tangu 1807. Wamarekani nao wana Mount Clare, Baltimore, ambako safari za abiria zilianza Mei 1830. Wote wanasema kweli. Ugomvi ni wa neno lenyewe, stesheni: kila mmoja analitumia kwa kitu tofauti.

Reli ya Stockton na Darlington mwanzoni ilifanana zaidi na barabara ya kulipia. Kampuni ilimiliki njia, na mwenye farasi na gari lake alilipa ushuru akapita. Makaa ya mawe yalivutwa na injini za mvuke, abiria wakavutwa na farasi, na wote walipishana kwenye njia moja. Katika mpango wa namna hiyo abiria hahitaji stesheni. Anapanda penye baa au njia panda, kama mtu anavyopanda daladala pasipo kituo. Nyumba ya Heighington yenyewe ilikuwa baa iliyokaa jirani na mahali pa kushushia makaa. Oystermouth walikuwa na farasi tu. Baltimore pia walianza na farasi, na jengo la stesheni linaloonekana pale leo ni la 1851.

Reli ya Liverpool na Manchester ilibadilisha mpango wote. Kampuni moja ilimiliki njia, injini, mabehewa, wafanyakazi na ratiba. Njia zilikuwa mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, kwa urefu wa maili 31, yaani kama kilomita 50, kati ya miji miwili mikubwa. Ukiacha kipande cha upande wa Liverpool kilichotumia kamba na mteremko, kazi ya kuvuta ilikuwa ya mvuke. Sasa treni inaondoka saa iliyotangazwa, haimsubiri mtu, na mtu asiyelipa haruhusiwi kuikaribia. Hapo ndipo inapohitajika nyumba yenye mahali pa kulipia, mahali pa kungojea, mlango wa kuwazuia wasiohusika, na mtu wa kupiga kengele. Kwa hiyo ukiuliza ni jengo gani kongwe lililosimama mpaka leo, lililojengwa makusudi ili kuwa mwisho wa safari za treni za mvuke za abiria kati ya mji na mji, jibu ni Liverpool Road. Sifa hiyo ni ndefu, na kila neno ndani yake lina mpinzani wake. Ila ukilipunguza hata moja, taji linaondoka Manchester.

Ilikuwa na pacha wake. Crown Street, upande wa Liverpool, ilifunguliwa siku ileile. Tutairudia.

Kilichowasumbua waliojenga ni kwamba hapakuwa na mfano wa kuiga. Hakuna aliyejua stesheni inafanana na nini. Wakaazima walichokijua. Msafiri wa siku zile alizoea kukata nafasi kwenye ofisi za magari ya farasi na nyumba za wageni, basi sura ya mbele ikafanywa kama nyumba ya heshima ya mjini. Mabehewa ya daraja la kwanza nayo yalitengenezwa kama magari matatu ya farasi yaliyounganishwa juu ya fremu moja, kila sehemu na milango yake. Sisi tulipoipokea reli tulifanya vivyo hivyo, tukaazima kwingine: behewa, kabla ya treni kufika pwani yetu, lilikuwa ukumbi wa ndani wa nyumba ya mawe. Waingereza waliiona treni wakakumbuka farasi, Waswahili wakakumbuka nyumba.

Fumbo la reli kutoonekana linatokana na mto. Mpango wa mwanzo ulikuwa reli iishie Salford, magharibi ya mto Irwell, na mzigo ukamilishe safari kwa mikokoteni. Kampuni ya maboti iliyotawala mto, iliyokuwa ikijipatia riziki kwa kubeba mizigo ileile kati ya miji hiyo miwili, haikuwa na haja ya kumrahisishia mshindani. Wenye reli waliendelea kushikilia, na mwaka 1829 wakapata kibali cha Bunge cha kuvuka. George Stephenson, mhandisi wa reli, akajenga daraja la matao mawili ya mawe, la juu vya kutosha kupitisha maboti chini yake. Ukishavuka mto kwa urefu huo huwezi kuteremka ghafla upande wa pili. Treni ikaingia Manchester ikiwa juu ya matao, usawa wa ghorofa ya kwanza ya nyumba.

Ndiyo maana abiria aliingia kutokea mtaani, akalipa chini, akapanda ngazi ndani ya jengo, kisha akatokea nyuma akiwa tayari yuko kwenye reli. Mwenye tiketi ya daraja la kwanza alipita ule mlango mkubwa wenye saa ya jua, akapanda ngazi zake, akangoja katika chumba chake. Wa daraja la pili alikuwa na mlango wake, ngazi zake na chumba chake. Watu hawa wawili walivutwa na injini moja lakini hawakupaswa kugusana mabega mpaka safari iishe. (Kiswahili kimetuachia daraja moja kwa kazi zote mbili, la kuunganisha kingo za mto na la kutenganisha watu. Pale Manchester yalijengwa yote mawili kwa mpigo.) Juu hapakuwa na jukwaa la kusimamia kama tulivyozoea. Watu walikwea mabehewa kutoka chini kwa vipandio, kama walivyokwea magari ya farasi. Tiketi ziliandikwa kwa mkono, moja moja. Kijitiketi cha kadibodi kilichochapwa namba, ambacho wasafiri wa reli za Afrika Mashariki walikizoea kwa miongo mingi, kilikuja miaka michache baadaye, kwa ubunifu wa Thomas Edmondson, mfanyakazi wa reli kaskazini mwa Uingereza.

Pembeni ya stesheni, kwenye kona, kuna nyumba iliyoitangulia reli. Ilijengwa mnamo 1808 kwa mshirika wa kiwanda cha kutia nguo rangi, na kampuni ilipoununua uwanja ikamweka humo msimamizi wake. Mkuu wa stesheni alikuwa na nyumba kabla stesheni haijazaliwa.

Saa ya jua nayo ina maelezo yake. Mwaka 1830 kila mji wa Uingereza ulifuata jua lake wenyewe. Manchester iko magharibi ya London, kwa hiyo adhuhuri yake huchelewa kwa dakika kama 9, na ya Liverpool kwa dakika kama 12. Kwa msafiri wa farasi tofauti hiyo ilikuwa si kitu. Kwa treni mbili zinazotumia njia moja, dakika tatu zinaweza kuua watu. Henry Booth, katibu wa kampuni hii, alikuwa miongoni mwa waliodai mapema kwamba nchi nzima ifuate saa moja. Makampuni ya reli yalipendekezewa saa ya Greenwich mwaka 1847, na sheria ikaja kuikubali 1880. Sisi tunaohesabu saa moja kuanzia macheo hatushangai sana kusikia kwamba muda wa mji uliwahi kuwa wa jua la mji. La kushangaza ni kuona saa hiyo imewekwa mlangoni mwa jengo ambalo biashara yake ndiyo ingekuja kuifuta.

Siku ya ufunguzi iliharibika njiani. Treni nane zilitoka Liverpool asubuhi, moja ikiwa imembeba Waziri Mkuu, Duke wa Wellington. Waliposimama Parkside injini zijazwe maji, waheshimiwa wakateremka kunyoosha miguu ingawa walikuwa wameonywa wasiteremke. William Huskisson, mbunge wa Liverpool, alikuwa amegombana na Duke kisiasa, akaona hapo ndipo pa kupatana. Akaenda kumsalimia kwenye behewa lake. Injini ya Rocket ikaja kwenye njia ya pili. Wenzake wakakwepa. Yeye akababaika, akang'ang'ania mlango wa behewa, mlango ukafunguka ukamwelekeza moja kwa moja mbele ya injini, na mguu ukasagwa. Alifariki jioni ile katika nyumba ya kasisi huko Eccles.

Duke alitaka kurudi. Wakubwa wa Manchester wakamsihi aendelee, wakihofia umati uliokuwa ukingoja utafanya fujo usipomwona. Umati ulimwona, na fujo ikawepo vilevile. Mvua ilikuwa imeanza. Miaka 11 kabla, Agosti 1819, askari wa farasi waliwavamia watu waliokusanyika katika uwanja wa St Peter's kudai haki ya kupiga kura, zaidi ya kumi wakafa na mamia wakajeruhiwa. Uwanja huo hauko mbali na stesheni, mtu anaufikia kwa miguu kwa dakika chache. Duke alikuwa mpinzani mkubwa wa mageuzi ya kura, na wafumaji wa Manchester walikuja kumkumbusha kwa kelele, zomeo na mabango. Karamu ya chakula baridi ilikuwa imeandaliwa ndani ya ghala jipya, ng'ambo ya reli. Waziri Mkuu hakushuka kwenye behewa lake. Akarudi alikotoka, na ndivyo stesheni hii ilivyopokea mgeni wake rasmi wa kwanza.

Ghala hilo linastahili kutazamwa kwa karibu kuliko hata stesheni, maana ndilo lililoshikilia hatima ya mahali pale. Lilijengwa kwa miezi kama mitano, kuanzia Aprili hadi Septemba 1830, matofali nje, nguzo na boriti za mbao ndani. Mfano wake haukuwa wa kutafutwa mbali. Jirani tu, Castlefield, yalikuwepo maghala ya mfereji wa Bridgewater, ambako boti ziliingizwa upande mmoja na mikokoteni ikapakia upande mwingine. Wenye reli walichukua wazo hilo, wakaweka treni mahali pa boti. Kwa kuwa reli ilikuwa juu na mtaa ulikuwa chini, mabehewa ya mizigo yaliingia ghorofani na mikokoteni ikapakia chini yake, mzigo ukiteremshwa kwa winchi. Mabehewa hayakuweza kukata kona kali ya kuingia mlangoni, basi nje pakawekwa sahani za duara zinazozunguka. Behewa linasukumwa juu ya sahani, linazungushwa robo duara, kisha linasukumwa ndani. Wanaume wachache na farasi waliimudu kazi hiyo siku nzima.

Treni ya kwanza ya mizigo iliwasili tarehe 4 Desemba 1830, ikivutwa na injini iitwayo Planet. Ilibeba marobota na magunia 135 ya pamba ya Marekani, mapipa 200 ya unga, na magunia ya shayiri na nafaka nyingine. Pamba ndiyo iliyokuwa sababu ya yote. Ilishuka bandarini Liverpool, ikahitajika kwenye viwanda vya Manchester, na wenye viwanda walikuwa wamechoshwa na ada na ucheleweshaji wa maboti. Ilikuwa imelimwa na kuchumwa na watumwa katika majimbo ya kusini ya Marekani. Uingereza ilikwishapiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807 na ilikuwa njiani kuufuta utumwa katika makoloni yake, lakini robota halikuulizwa limetoka mikononi mwa nani. Pamba ya mashamba hayohayo ndiyo iliyofumwa pia kwenye viwanda vya Massachusetts ikawa merikani, kitambaa kilichotawala soko la Zanzibar na njia za misafara ya bara katika karne ileile.

Kampuni ilikuwa imepanga kuishi kwa mizigo, abiria wakiwa nyongeza. Ikashangazwa na watu. Safari ya saa nne au zaidi kwa gari la farasi ikawa saa mbili, kwa nauli nafuu, na mwaka 1831 peke yake waliosafiri walizidi 400,000. Kufikia Novemba 1830 barua za posta nazo zilikwishaanza kupelekwa kwa treni. Mafanikio haya ndiyo yaliyoifukuza stesheni kazini.

Mwaka 1830 Liverpool Road ilikuwa mwisho wa safari: unafika Manchester, umefika. Kufikia 1838 mtu aliweza kwenda kwa treni kutoka Manchester hadi London, na reli nyingine zilikuwa zikisogea kutoka mashariki. Kila kampuni ilikuwa na stesheni yake pembezoni mwa mji. Msafiri wa kutoka Liverpool kwenda Leeds aliteremka Liverpool Road na masanduku yake, akakodi gari la farasi kuukata mji mzima, kisha akapanda treni nyingine upande wa pili. Anayeshuka basi la mkoani usiku na kutafuta usafiri wa kuvuka jiji anaijua adha hiyo. Dawa ilikuwa kuziunganisha reli. Stesheni ya Victoria ilifunguliwa mwanzoni mwa 1844, reli ya kutoka Liverpool ikaelekezwa huko tarehe 4 Mei, na siku hiyohiyo Liverpool Road ikapoteza abiria wake. Kampuni yenyewe ikamezwa na nyingine mwaka uliofuata.

Sasa turudi kwa yule pacha. Crown Street iliachwa mapema zaidi, mwaka 1836, Lime Street ilipofunguliwa katikati ya Liverpool. Nayo iligeuzwa ya mizigo, ikafanya kazi hiyo mpaka 1972. Kwa hiyo maelezo ya haraka, kwamba Liverpool Road ilipona kwa sababu ilibaki na mizigo, hayatoshi. Crown Street nayo ilibaki na mizigo, lakini jengo lake halipo, na uwanja wake leo ni bustani.

Nionavyo, tofauti iko katika aina ya mzigo. Crown Street ikawa uwanja wa makaa ya mawe, na makaa hayahitaji nyumba. Yanahitaji nafasi ya kumwagwa. Kila jengo lililosimama pale lilikuwa kikwazo. Liverpool Road ilipokea pamba, unga na bidhaa za kuhesabiwa, zisizotakiwa kulowa wala kuibwa, na mzigo wa namna hiyo unataka paa, kufuli na karani mwenye meza. Vyumba vya kungojea vikafaa kuwa ofisi na stoo. Isitoshe, jengo la mbele lilikuwa limeshikana na ukuta wa matao yaliyobeba reli. Kulivunja kungekuwa na gharama na kusingeongeza nafasi ya treni hata moja. Hakuna aliyelihifadhi kwa kulipenda. Walilitumia tu, wakaongeza maghala mengine pembeni, likiwemo lile kubwa la 1880, na kwa kuwa wafanyakazi wa mizigo hawana haja ya sura mpya, hakuna aliyekuja na bajeti ya kulifanya la kisasa. Victoria kwa upande wake imejengwa, imepanuliwa na kubadilishwa mara kadhaa, kwa sababu abiria hawakuacha kuja.

Mizigo ilikoma mwaka 1975. Lori na barabara kuu zilikuwa zimeshinda. Sasa ndipo hatari ilipokuwa kubwa, kwa sababu jengo lisilo na kazi kabisa huoza kwa kasi kuliko lenye kazi duni. Kukawa na kelele za wapenzi wa historia, na mwaka 1978 baraza la Greater Manchester likainunua sehemu kongwe ya stesheni kutoka shirika la reli la Uingereza kwa pauni moja. Bei hiyo husimuliwa kama kichekesho, lakini aliyeuza alijua anachokwepa: paa linalovuja, mbao za 1830 na matofali yaliyoshiba moshi wa miaka 145. Tarehe 15 Septemba 1983, siku ya kuzaliwa ya stesheni, ikafunguliwa makumbusho ya sayansi na viwanda. Stesheni na lile ghala zote ziko katika daraja la juu kabisa la majengo yanayolindwa kisheria Uingereza.

Kwa miaka mingi makumbusho iliendesha treni ndogo za mvuke kwenye kipande cha reli ya asili, na reli hiyo ilikuwa bado imeungana na mtandao wa nchi nzima. Kisha likazuka tena tatizo lilelile la 1844, reli za Manchester zisizokutana. Treni zilishindwa kupita moja kwa moja kati ya Victoria na stesheni za kusini ya mji. Suluhisho lililochaguliwa lilikuwa kipande kifupi cha reli kinachopinda juu ya Irwell, kiitwacho Ordsall Chord, na njia yake ilipita hasa pale ambapo reli ya 1830 iliingia mjini. Watetezi wa historia walipinga mpaka mahakamani. Wakashindwa. Treni za abiria zilianza kupita mwezi Desemba 2017.

Ukisimama leo nyuma ya jengo, juu, pale abiria wa daraja la kwanza walipotokea, reli zipo chini ya miguu yako. Ukizifuata kwa macho kuelekea mtoni hazifiki popote. Ng'ambo ya zilipokatwa, daraja la Stephenson bado limesimama na matao yake mawili, na kando yake treni za leo zinakata kona kwenda Victoria bila kusimama.